Mwongozo kwa anayemuuguza mzee mwenye kifuko cha koo

Mzee anakula vizuri matonge mawili matatu ya mwanzo. La nne linakwama. Anakohoa, anakunywa maji kusukumia, na shingo yake inatoa mlio wa gulugulu ambao hata aliyekaa upande wa pili wa mkeka anausikia. Saa mbili baadaye, akiinama kuokota kitu, maharage ya mchana yanamrudia mdomoni yakiwa mazimamazima, hayana uchachu hata kidogo.

Ukiona hivyo, usikimbilie kusema ni vidonda vya tumbo. Chakula kilichofika tumboni kikirudi huwa kichungu au kichachu. Hiki hakikufika tumboni. Kilikuwa kimejificha kwenye kifuko kilichojitokeza nyuma ya koo, na kitakaa humo hadi kipate njia ya kutoka. Njia ninayoiogopa mimi ni ile ya mapafuni, usiku, mgonjwa akiwa amelala. Mambo mengi katika mwongozo huu yanahusu kuifunga njia hiyo hadi mgonjwa afike kwenye mikono ya mpasuaji.

Kwanza elewa kinachotokea

Pale koromeo linapokutana na umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya mlango. Muda wote umefungwa. Unapomeza, unalegea kwa muda mfupi sana, chakula kinapita, unafunga tena. Kwa baadhi ya watu, hasa umri ukishaenda, msuli huu unakakamaa na haufunguki vya kutosha. Koo linasukuma, mlango unagoma, na nguvu ile inatafuta mahali dhaifu. Mahali hapo papo: ni pembe ndogo nyuma ya koo, juu kidogo ya msuli wenyewe, ambapo nyama ni nyembamba. Utando wa ndani wa koo unachungulia hapo kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza kwenye tairi lililochakaa, na kadiri miaka inavyopita unazidi kujaa na kuning'inia nyuma ya umio, mara nyingi ukielemea kushoto.

Hii ndiyo sababu matonge ya kwanza yanapita na ya baadaye yanakwama: kifuko kikishajaa kinaubana umio kwa nyuma. Na ukuta wake ni utando mtupu, hauna msuli wa kuulinda. Shika hilo, maana tutalihitaji tukifika kwenye vipimo.

Madaktari hukiita kifuko hiki kwa jina la Zenker, mtaalamu wa Ujerumani ambaye mwaka 1877, pamoja na mwenzake von Ziemssen, aliandika kwa kirefu kuhusu wagonjwa wa namna hii. Mpasuaji Mwingereza Abraham Ludlow alikuwa ameshakieleza zaidi ya miaka 100 kabla yao. Ni ugonjwa wa nadra. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60, wanaume kuliko wanawake, na ni mara chache mno kuuona kwa mtu wa chini ya miaka 40.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kwenda hospitali

Chukua daftari. Kwa muda wa wiki moja, andika kila mlo: amekula nini, kimekwama au hakikukwama, kimerudi baada ya muda gani, kilikuwa na uchachu au la. Andika kama alipaliwa. Andika kikohozi cha usiku. Pima uzito kama mizani ipo; kama haipo, tobo la mkanda wa suruali au fundo la kanga vitakuambia.

Dalili za kuandika ni hizi: chakula kurudi kikiwa hakijasagwa, harufu nzito ya mdomo isiyoondoka hata akipiga mswaki, mlio shingoni anapomeza, sauti kukwaruza, kupungua uzito, na nimonia inayorudi mara kwa mara. Wengine huwa na uvimbe laini upande wa kushoto wa shingo ambao hujaa wakila na kupungua baadaye.

Kuna moja ambayo watu hawaifikirii. Dawa za presha au za kisukari zilizokuwa zinafanya kazi vizuri ghafla hazifanyi kazi. Unadhani mzee hamezi dawa, mnagombana bure. Kumbe kidonge kimezama kwenye kifuko na kimelala huko. Nilimuuguza mjomba wangu mwenye tatizo hili, na asubuhi moja nilikuta kidonge cha presha cha jana yake juu ya mto, rangi imeisha, umbo lile lile. Kuanzia hapo sikumuuliza tena kama amemeza.

Hatua ya 2: Usidhani kila anayekwamwa ana kifuko

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kosa la hapa linagharimu maisha.

Ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hata vijana huipata. Mwendo wake ni wa kawaida sana kuusikia: ilianza kwa ugali na nyama, ikaja kwa wali, sasa hata uji haupiti, na yote yametokea ndani ya miezi michache huku mtu akikonda. Kwa mgonjwa wa hivyo, usingoje wiki ya daftari. Nenda kesho asubuhi. Kifuko huenda taratibu, mara nyingi kwa miaka.

Kushindwa kumeza kulikoanza ghafla, na mdomo umepinda au mkono umelegea, ni kiharusi. Hospitali saa hiyo hiyo. Utando mweupe mdomoni pamoja na maumivu ya kumeza kwa mtu mwenye kinga dhaifu unaweza kuwa fangasi wa umio, na dawa yake ipo. Rovu nalo hubana koo.

Halafu kuna TB. Mzee anayekohoa wiki 2 na kupungua uzito atapimwa makohozi, na ni sawa kabisa apimwe. Ila majibu yakisema hana, na kikohozi kinakuja hasa baada ya kula au akilala chali, rudi na umwambie daktari: "Daktari, chakula kinamrudia kikiwa kizima. Naomba tuangalie na koo."

Na kukata kimeo, tafadhali, hapana. Najua wapo wazee wanaoamini kikohozi kisichopona ni kimeo kimerefuka. Kimeo kipo juu, unakiona ukifungua mdomo. Kifuko kipo chini, nyuma ya kisanduku cha sauti, hakuna wembe wa mganga unaokifikia. Kinachobaki baada ya kukata ni damu nyingi, maambukizi, na mgonjwa aliyekuwa anameza kwa shida sasa hamezi kabisa. Vivyo hivyo kumezesha tonge kubwa la ugali mkavu ili "lisukume" kilichokwama. Kwenye mwiba wa samaki ni hatari, kwenye kifuko ni hatari zaidi.

Hatua ya 3: Picha ya kumeza dawa itangulie kamera

Anzia kituo kilicho karibu upate barua ya rufaa, hasa kama unatumia bima. Unayemtafuta ni daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa za rufaa zina idara hiyo: Muhimbili, KCMC na Bugando kwa Tanzania, Kenyatta na Moi ya Eldoret kwa Kenya.

Kipimo kinachokionyesha kifuko vizuri kuliko vyote ni eksirei ya kumeza dawa ya bariamu. Mgonjwa anafunga kula kwa saa atakazoambiwa, anasimama mbele ya mashine, anapewa kikombe cha dawa nyeupe nzito yenye ladha ya chokaa. Anaambiwa shika mdomoni, meza, na picha zinapigwa wakati dawa inapita, kwa mbele na kwa ubavu. Ile ya ubavu ndiyo inayosema: dawa inaonekana imetua kwenye mfuko nyuma ya umio badala ya kuteremka. Siku moja mbili baadaye choo kitakuwa cheupe, asiogope.

Kama mgonjwa hupaliwa sana, mwambie mpiga picha kabla ya kikombe cha kwanza, ili achague dawa inayomfaa na aanze na kiasi kidogo.

Kwa nini picha itangulie? Kwa sababu ya ule ukuta mwembamba. Mpira wa kamera unaposhushwa kooni bila anayeushusha kujua kuna kifuko, ncha yake huweza kuingia kwenye kifuko badala ya umio, na ikisukumwa inatoboa. Tobo hapo linapeleka mate na wadudu kifuani, na hayo ni maradhi ya kufa na kupona. Mpira wa kulishia unaopitishwa puani una hatari hiyo hiyo. Sikuambii ukatae kamera. Mara nyingi inahitajika, hasa ili kuhakikisha hakuna saratani. Sema tu, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: "Daktari, chakula kinamrudia kizima na shingo inalia. Tunaweza kupata picha ya kumeza kwanza?" Daktari mzuri atakushukuru.

Hatua ya 4: Kumlisha wakati mnasubiri

Foleni ya upasuaji inaweza kuwa ndefu. Kipindi hiki ndicho kilicho mikononi mwako, na ndicho kinachoamua mgonjwa ataingia chumba cha upasuaji akiwa na nguvu au akiwa mifupa mitupu.

Akae wima kabisa, miguu chini, mgongo umeegemea. Kula amejilaza kwenye kochi marufuku. Tonge liwe dogo, nusu ya alilozoea, alitafune hadi liwe uji. Ameze, atulie, ameze tena mate matupu, ndipo lije jingine. Usimsemeshe akiwa na chakula mdomoni. Kwetu ni vigumu, maana mlo ni mahali pa habari na salamu, lakini anayejibu huku anameza ndiye anayepaliwa.

Vyakula vinavyopita: mtori uliosagwa ukalainika, uji wa lishe, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, maharage yaliyochemshwa sana yakapondwa na kuchujwa maganda, parachichi, mtindi, mayai laini, samaki aliyechambuliwa miiba kwa vidole vyako mwenyewe kisha akapondwa ndani ya mchuzi. Ugali usikatazwe bila sababu. Ule laini, uliolowana mchuzi, wengi wanaumudu. Vinavyoleta taabu ni nyama ya nyuzinyuzi, mahindi ya kuchoma, karanga nzima, chapati kavu, wali wa chembechembe, embe la nyuzi na mboga za majani zilizokatwa ndefu. Nyuzi za mchicha huning'inia nusu ndani ya kifuko na nusu nje, zikimtekenya mgonjwa akohoe saa nzima. Zikate ndogo sana au uzisage.

Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kibebe nguvu. Tia mafuta kidogo kwenye uji, maziwa badala ya maji, karanga iliyosagwa laini kabisa na kukorogewa humo. Milo midogo mitano au sita kwa siku inamfaa kuliko mitatu mikubwa. Mpime uzito kila wiki, siku ile ile.

Mlo ukiisha, anywe maji kwa mafunda madogo kusafisha kilichobaki. Baadhi ya wagonjwa wamejifunza wenyewe kubonyeza shingo upande wa kifuko ili kitoe kilichomo. Usimbonyeze wewe. Kama yeye hufanya hivyo, mwambie daktari aangalie namna anavyofanya, na afanye akiwa amekaa, kamwe si kitandani.

Usiku una sheria zake. Kati ya chakula cha mwisho na kulala zipite saa 3. Inua kichwa cha kitanda chenyewe kwa matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani. Mito mingi humkunja shingo tu. Apige mswaki na kusafisha ulimi kabla ya kulala, hata kama ana meno mawili tu au ya bandia. Chakula kilichooza na mate machafu yakiteremka mapafuni ndiyo nimonia. Mdomo safi unapunguza sumu ya kile kitakachoteleza.

Dawa: muulize mfamasia kama ipo ya maji. Usisage vidonge kwa kubahatisha, kwa sababu vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole na ukivisaga inatoka yote kwa mpigo. Vingine, kama doksisaiklini, vikikwama huunguza utando. Ameze amekaa, na maji ya kutosha, na asilale mara moja.

Ikitokea amekabwa kiasi kwamba hawezi kukohoa, kusema wala kuvuta pumzi, mwinamishe mbele, mpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Haikutoka, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Endelea kubadilishana huku mwenzako anaita msaada. Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe.

Jambo jingine halimo kwenye karatasi za hospitali. Mzee mwenye kifuko huanza kukwepa kula na watu. Anaona aibu ya mlio, ya harufu, ya kutema mbele ya wajukuu. Anasema ameshiba. Anasema atakula baadaye. Mkiwa mnakula sinia moja, mtengee sahani yake bila kutangaza, mkae naye, mle kwa mwendo wake. Harufu ikizungumzwa, izungumzwe na mtu mmoja anayemwamini, faraghani: "Baba, hii ni ya ugonjwa, na inaondoka ukitibiwa." Nimeona uzito ukianza kupanda kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 5: Kuchagua tiba

Kifuko kidogo kisicholeta shida huachwa na kuangaliwa. Kinacholeta shida hakina kidonge cha kukiziba. Dawa za asidi zinaweza kutuliza kiungulia kama kipo, lakini hazigusi kifuko wala msuli.

Kiini cha upasuaji ni kuukata ule msuli uliokakamaa. Bila hivyo, hata kifuko kikiondolewa, nguvu ile ile itazaa kingine. Njia ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni kupitia mdomoni. Mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, ukuta uliopo kati ya kifuko na umio, ambao ndani yake ndimo ulimo msuli, unakatwa kwa stepla ya upasuaji, kwa leza au kwa kisu cha umeme kinachopita kwenye kamera inayopinda. Kifuko kinabaki, lakini kinakuwa kimeungana na umio na chakula kinateremka. Hakuna kovu shingoni na kupona ni haraka. Kwa vifaa vigumu, mgonjwa lazima aweze kufungua mdomo sana na kukunja shingo nyuma. Wenye shingo iliyokakamaa au meno marefu ya mbele hushindikana.

Ya pili ni kupitia shingoni, kwa kawaida upande wa kushoto. Msuli unakatwa, kifuko kinaondolewa au, kikiwa cha wastani, kinageuzwa na kushonewa juu ili kisipokee chakula. Inachukua muda zaidi, na ipo hatari ya mshono kuvuja au mshipa wa fahamu wa sauti kuguswa. Kwa upande mwingine, tatizo hurudi mara chache kuliko kwa njia ya mdomo. Na haihitaji vifaa ghali, jambo ambalo kwetu lina uzito wake.

Mimi siamini kwamba njia mpya ni bora kwa kila mtu. Naamini mikono iliyozoea. Muulize mpasuaji bila woga: njia gani unaifanya mara nyingi? Ukianza kwa mdomo ikashindikana utafanya nini? Atakaa wodini siku ngapi? Ataanza kula lini? Gharama ni ipi na bima inalipa kiasi gani? Mtajie pia aspirini, warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda; usiziache kwa uamuzi wako.

Hatua ya 6: Asubuhi ya upasuaji

Kufunga kula kunasafisha tumbo. Hakusafishi kifuko. Mgonjwa aliyefunga tangu jana jioni anaweza kuwa bado na uji wa jana kooni, na akipewa nusu kaputi akiwa amelala chali, uji huo unaingia mapafuni kabla mtu hajaona. Kwa hiyo siku ya kuamkia upasuaji ale vimiminika tu kama alivyoelekezwa. Mtaalamu wa usingizi akija kumwona, mwambie yeye mwenyewe, usitegemee faili: mgonjwa ana kifuko cha koo, chakula hubaki humo, mara ya mwisho kimerudi saa fulani. Atajua namna ya kumlaza na kuilinda njia ya hewa.

Hatua ya 7: Baada ya upasuaji

Saa 48 za mwanzo ni za kukaa macho. Homa, maumivu makali ya shingo, kifua au mgongo, kupumua kwa shida, au shingo iliyovimba na inayotoa mchakacho ukiibonyeza kwa vidole: hivyo ni vya kumwita nesi sasa, si raundi ya kesho. Kama ameshafika nyumbani, asipewe hata maji, rudini hospitali. Huenda pamevuja.

Vinginevyo ataanza na maji, kisha uji, kisha vyakula laini kwa wiki moja au mbili kadiri mpasuaji atakavyosema. Koo kuuma kidogo na sauti kukwaruza siku za mwanzo ni kawaida. Sauti ikibaki hivyo wiki kadhaa, mrudishe.

Akipigwa tena picha ya kumeza, usishtuke ikionyesha kifuko kidogo bado kipo, hasa aliyefanyiwa kwa mdomo. Kipimo cha kupona ni sahani yake: anakula nini, kwa muda gani, na uzito unakwenda wapi. Dalili zikirudi baada ya miaka, upasuaji hurudiwa. Damu kwenye mate, maumivu mapya au kukwama kunakozidi haraka ni vya kuchunguzwa upya mapema, kwa kuwa mara chache sana saratani huota ndani ya kifuko.

Mwandikie kadi ndogo, uiweke pamoja na kadi yake ya bima: "Nina kifuko nyuma ya koo, upande wa kushoto. Msinipitishie mpira wa puani wala kamera bila daktari aliyejulishwa. Kufunga kula hakukisafishi." Chini yake andika mwaka na aina ya upasuaji kama ameshafanyiwa, na namba ya simu ya anayemuuguza.